Damu Imekwisha, Haya Haijaisha

Mpendwa mama mkwe,

Nimekaa na kalamu hii tangu jua likiwa juu ya ukuta wa jirani. Sasa limeshuka nyuma ya nyumba na bado sijui nianzie wapi. Mkwe hamwandikii mama wa mke wake. Neno hupitia kwa mke. Mke akiwa hayupo hupitia kwa mtoto. Na mtoto akiwa hajazaliwa, hupitia kwa kuku, kama tulivyozoea mimi na wewe. Lakini safari hii Clarisse amekataa kuwa daraja. Amenisukumia karatasi mezani akasema, "Maneno hii iko ya kwako. Andika weye mwenyewe." Basi naandika, na uso unaniwaka kama niliyezabwa kofi mbele ya darasa langu.

Nimechagua Kiswahili cha kitabu, kile masista walichokufundisha ulipokuwa msichana huko Kabalo, wala si hiki tunachosemea uani hapa mtaani Kamalondo. Chukulia ni kitenge nimekitandaza kati yetu ili tusitazamane uso kwa uso. Barua italetwa na yule rafiki wa marehemu baba mkwe ambaye bado anafanya kazi kwenye treni. Najua miwani yako ilivunjika na hukununua nyingine, kwa hiyo atakusomea mtu, labda katekista, na watu watavuta mikeka wasikilize. Usiwafukuze. Aibu ilitupata mbele ya watu, na mimi siamini kwamba inaweza kuondoka kwa kunong'ona.

Wasikilizaji hao hawajui tulivyoishi, basi niwaambie kidogo. Baba mkwe alipofariki ulikuja kukaa nasi, katika chumba cha nyuma, jiko likiwa katikati ya mlango wako na dirisha langu. Ua wenyewe ni mdogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, kule wanamwombea afya. Na humo ndani tulitakiwa, mimi na wewe, tusishikane mikono, tusile chungu kimoja, tusipishane mlangoni. Nikitoka kwenda kuoga, ulikuwa ukigeukia ukuta. Ukifagia, mimi nilisubiri dirishani kama mwizi mpaka umalize ndipo niende kazini. Mara ngapi nilichelewa shule kwa ajili ya ufagio wako! Mkuu wa shule aliniuliza sababu, nikasema ni foleni ya magari.

Na kuku. Yule mweupe mwenye madoa, asiye na adabu. Ulikuwa ukisimama mlangoni pa jiko ukimtazama yeye: "Weye kuku, ambia ba prof maji ya kuoga iko teyari." Nami ndani nikimjibu kuku: "Kuku, ambia ba mama aksanti mingi." Kuku mwenyewe alikuwa ameshaondoka kabla hatujamaliza. Clarisse alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Lakini nikwambie jambo ambalo sikuwahi kulisema: nilikuwa nikiipenda sauti yako ukiongea na yule kuku. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kunitangazia maji ya kuoga.

Unakumbuka mazoezi yangu ya alasiri? Darasani nafundisha biolojia kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, kisha nikiona macho ya wanafunzi yamezimika narudia kwa Kiswahili, ndipo yanawaka. Hicho Kiswahili nilikuwa nakifanyia mazoezi chumbani, nimeuelekea ukuta. Na ukuta ule ni mwembamba. Mwaka jana nilipofika kwenye somo la seli, yale matofali madogo yanayojenga kila kiumbe, na jinsi kila seli inavyoumbwa kulingana na kazi yake, nilisikia mchi wako ukipunguza mwendo. Nikajua nina mwanafunzi wa ziada.

Nikaanza kupaza sauti kidogo. Sikukusudia, au tuseme nilikusudia.

Nilisema kwamba seli za ncha ya mzizi hurefusha kidole chembamba na kukipenyeza kwenye udongo, ili ziguse maji mahali pengi. Jioni Clarisse akaja: "Mama anauliza, njo juu ya ile lengalenga inakauka, ukiingoa bila udongo wake?" Nikamwambia ndiyo, mchicha ukiung'oa hivyo, vile vidole hukatika. Kesho yake ulirudi kutoka bustanini kwako Naviundu na ukamsimulia kuku habari ya vidole vya mboga kwa mapana na marefu. Nilisema pia kwamba seli za upande wa juu wa jani zimesimama wima, zimebanana kama chupa katika kasha la bia, zimejaa rangi ya kijani, kwa kuwa jua linatokea juu. Nikasema koo la mtu lina seli zenye vijinywele vinavyofagia vumbi kwenda nje mchana na usiku. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye mashuka, na nikakusikia ukikohoa na kusema, "Mufagie basi, ba mama, mufagie." Ulikuwa ukizihimiza seli zako, tena kwa heshima zote.

Halafu ikaja ile ya mwanamume. Sitaitaja hapa, katekista ataniwia radhi. Ina kichwa chembamba na mkia wa kuogelea, inatosha. Nilipofika hapo niliteremsha sauti mpaka nikawa nasoma kwa midomo tu, na wewe upande wa pili uliuinua mchi ukaitwanga ile sombe, majani yetu ya muhogo, kwa nguvu ambayo haijapata kuonekana Kamalondo. Fundi cherehani wa jirani aliuliza kama kuna matanga. Siku ile sombe ilikuwa laini kama uji.

Lakini seli iliyokusimamisha kabisa ni ile nyekundu ya damu. Nilieleza kwamba imebonyea katikati pande zote mbili ili ipate uso mpana wa kupokea hewa. Kwamba ni laini, hujikunja ikapita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Na kwamba inapokomaa hukitupa nje kiini chake, kile kinachobeba maagizo yote ya urithi, ili ndani pabaki nafasi ya kubebea. Haizai. Ikiharibika haijitengenezi. Inabeba tu, miezi minne hivi, halafu inachoka, na bandama inaivunja.

Mchi ulikuwa umenyamaza. Clarisse akatumwa: "Mama anauliza, kama imetupa roho yake inje, sasa inabakia nani?"

Nikamwambia akujibu kwamba habaki mtu, inabaki kazi.  Kisha nilikusikia ukisema, si kwa Clarisse wala kwa kuku, ukiiambia sufuria: "Basi ile iko mama ya bantu." Nilicheka peke yangu upande wangu wa ukuta. Nilidhani umefanya mzaha.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Kidonda cha tumbo nilikuwa nacho tangu nikiwa chuo, nikakificha kwa chai ya maziwa na vidonge vya maumivu, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikikichimba. Mwalimu wa biolojia, hebu fikiria. Asubuhi ile Clarisse alikuwa amekwenda dukani anakouza vitambaa. Nilitoka uani nikiona giza, nikapiga magoti karibu na beseni la kuku, nikatapika damu nyeusi mbele yako. Uliita "Ba prof!" na hukumwita kuku. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutoka kinywani mwako kuja moja kwa moja kwangu.

Fundi cherehani alikimbia kutafuta teksi. Yeye akakaa mbele, sisi wawili nyuma, na kichwa changu hakikuwa na pa kwenda. Mkono unataka kulikimbia neno hili, mama, lakini nimeapa kuliandika: nililala mapajani mwako. Nilijaribu kuinuka. Nilikuwa tayari kufa nikiwa nimekaa wima kuliko kupona nikiwa nimelala pale. Ulinikandamiza kichwa kwa kiganja ukasema, "Lala tu, ba prof. Mungu anaangalia ngambo ingine."

Nikalala. Kitenge chako kilinuka moshi na vitunguu. Nilifumba macho kwa haya, si kwa maumivu.

Hospitali walisema damu yangu imepungua sana, ya kundi langu haipo kwenye friji, familia ilete mtu. Mdogo wangu alipopimwa alikutwa na ugonjwa wa ini. Clarisse alikuwa na mimba, tena ni wa kundi jingine. Wajomba walikuwa bado wanapigiana simu wakiulizana nani yuko karibu. Mimi nililala nyuma ya pazia, nimevaa shuka la hospitali lisilofunga mgongoni, na nilikusikia ukimwambia kijana wa maabara, "Pima ya kwangu." Ikapimwa, ikafaa. Muuguzi akauliza, "Mama, weye uko nani wake?" Ulisita. Ungekubali kuwa mkwe, ungelazimika kusimama mbali na kitanda. "Miye mama yake," ukasema.

Dada yako mkubwa, mama mkubwa Feli, alikuwa ameshaingia mlangoni na kikapu cha chakula. Alilisikia neno hilo kama mimi.

Nililitazama lile fuko la damu likining'inia juu yangu na jina lako limeandikwa kwa kalamu. Ndani ya wodi ile hakuna aliyejua kuliko mimi ni kitu gani kinashuka kwenye ule mrija, na hakuna aliyetaka kuliko mimi kutokujua. Mkwe asiyeruhusiwa kugusa kikombe chako, sasa anakunywa wewe mwenyewe kwa mshipa. Niliona haya mpaka miguu ikajikunja chini ya shuka. Halafu joto likaja. Lilianzia mkononi, likapanda begani, kucha zangu zikaanza kupata rangi, na nikasikia njaa, mama, njaa kali ya ugali na samaki. Nikaona haya na njaa pia. Ulikuwa umekaa nje kwenye benchi, umenipa mgongo kama inavyotakiwa. Nilikuona kwenye mwanya wa pazia ukibonyeza pamba kwenye mkono wako. Nilitaka kusema asante na hapakuwa na kuku.

Ikafika ile Jumapili ya kushukuru. Tulitoka Misa, watu wakajaa uani, wanaume mbele, wanawake upande wa jiko, wewe kwenye mkeka umegeukia ukuta wako. Chakula kilikuwa kingi na kila mtu alikuwa na furaha mpaka mama mkubwa Feli alipoweka chini sahani yake.

"Tuseme kweli," alisema. "Ku hôpital, mudogo wangu alisema iko mama yake. Damu yake iko mu mwili ya bwana huyu. Clarisse naye alimuzala. Sasa aba bawili, shi ni mutu na dada yake? Na ile mimba, tutaiita jina gani?"

Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa matanga umekosea njia. Wengine hawakucheka. Clarisse aliweka mkono tumboni. Wewe hukugeuka, lakini nilikiona kichwa chako kikizama mabegani, na hapo hasira ikanipanda, nikasimama na kijiko mkononi ili nikutetee. Na nikakutetea kwa kitu pekee ninachokijua. Nilitoa somo.

Somo lenyewe halikuwa baya, kama lingetolewa darasani. Nilianzia mwanzo, kama nilivyozoea: damu inatengenezwa wapi? Inatengenezwa ndani ya mifupa mikubwa. Na ili waelewe vizuri nikatoa mfano. Nikasema, mbele ya wajomba zako, mbele ya shemeji zangu, mbele ya mashemasi wawili waliokuja na Padri, kwa sauti ya mwalimu: "Kwa mufano, mu mufupa ya nyonga ya mama hapa." Na nikaelekeza kwa kijiko.

Mzee mmoja alikohoa. Mimi nikadhani wananisikiliza kwa makini, nikazidi kuchapa. Seli nyekundu haina kiini, haina urithi, haiwezi kumfanya mtu ndugu wa mtu. Tena ni miezi minne tu, nikasema, na hapo hakitabaki kitu chochote cha mama ndani yangu, hata chembe. Nilikuwa na fahari na sentensi ile ya mwisho. Niliiona kama nimekusafisha.

Uliinuka. Ulikivuta kitenge kikafunika uso mzima, ukaingia chumbani kwako, na mlango hukuupiga. Uliurudisha taratibu mpaka ukabana. Clarisse alinitazama akauliza, "Ba prof, umemaliza?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Mama mkubwa Feli alisema jambo baya, lakini mimi ndiye niliyeuvua mwili wako mezani. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna mkwe mwenye akili ambaye angekisema. Na kwa kumalizia nikawatangazia watu kwamba kile ulichonipa kitakwisha kama dawa ya mbu.

Tena, nijicheke mwenyewe au nilie? Siku mbili baadaye Clarisse alisema, akiwa anachambua maharage, "Lakini mimba ilikuwa ya mbele ya damu." Basi. Maneno hayo tu yalitosha. Mtoto alikuwa ameshatungwa miezi kabla hujatoa tone, hata mama mkubwa Feli angeweza kuhesabu. Mimi nilipitia kwenye mifupa, bandama na viini, nikaipita kalenda bila kuiona. Usomi nao una upofu wake.

Lakini wewe ulikuwa umeshaondoka. Ulifunga mabegi Jumatatu kurudi kwenu Kabalo, Clarisse akakusindikiza stesheni, na akarudi na ujumbe wako: "Ambia ba prof sina kisirani. Niko na haya tu. Bakiniona mu ile nyumba, bantu batakumbuka maneno. Nikienda, batasahau."

Mama, hawajasahau. Kwenda kwako ndiko kumewakumbusha. Bombani wanawake wanamtazama Clarisse tumboni kabla hawajamtazama usoni. Mama mkubwa Feli haji tena, ila maneno yake yanakuja kila siku. Clarisse ni mtoto wako, unamjua, hasemi, lakini juzi alikaa kitandani akaniuliza taratibu, "Mutoto akitoka na kasoro kadogo tu, hata kakidole, shi batasema ni damu ya mama?" Nikafungua mdomo nianze kueleza, nikaufunga. Nimejifunza. Nilimshika mguu tu, umevimba. Akasema, "Mama akiwa hapa bataogopa kusema." Kisha akasema alichokuwa anakitaka kusema tangu mwanzo: "Nani atanikanda?"

Ndilo jambo lenyewe, na ndilo lililonikalisha na kalamu. Uzazi wa kwanza usipokuwa na mama, nani atachemsha maji, nani atamkanda, nani atamwogesha mtoto mbele ya watu wote ili waone kwamba mama wa damu ile hamwogopi mjukuu wake? Ukibaki Kabalo, hao watu watasema umekimbia kwa sababu ni kweli. Na Clarisse atawaamini, kidogo kidogo, kila usiku kidogo. Mtoto atazaliwa ndani ya wasiwasi huo. Nimekosa dawa ya jambo hili katika vitabu vyangu vyote.

Miezi minne imetimia wiki hizi. Nimehesabu kwa siri, kama mtu anayengoja kifo cha mgonjwa. Kama nilivyowafundisha wote, seli zako zimechakaa moja moja, na ile ya mwisho imeshapita mahali fulani ndani yangu bila mimi kusikia. Kwa sheria ya biolojia mimi na wewe hatuna tena la kuonea haya. Nilidhani nitaamka siku hii nikiwa mwepesi. Niliamka vilevile, na haya yangu imekaa palepale kitandani ikinisubiri. Ndipo nikatambua kwamba haikuwa ya damu. Ni haya ya mtu aliyepewa kitu kikubwa mno na hajasema asante.

Na kuna jingine. Mwalimu akifundisha vibaya, anapaswa kurudi mbele ya darasa lilelile asahihishe, basi nasahihisha mbele ya hao walioko mikekani. Nilisema hakitabaki kitu chochote chako. Nilikosea. Kila seli nyekundu imebeba chuma ndani yake, ndicho kinachoshika hewa. Bandama inapoivunja seli iliyochoka, haikitupi kile chuma. Inakirudisha mifupani, na mifupa inakitumia kutengeneza seli mpya. Mwili unakipenda chuma, ukikipata hauachi kitoke hivihivi. Mimi nilikuwa nimemwaga changu chote karibu na beseni la kuku. Kwa hiyo seli zinazonibeba leo ni zangu, zimezaliwa ndani yangu, lakini nyingi zimetengenezwa kwa chuma chako. Chuma hakina ukoo, mama mkubwa Feli atulie. Aliyeazimwa sufuria na jirani hawi ndugu wa jirani. Ila anajua amepikia sufuria ya nani.

Nimenunua kitenge. Clarisse amekichagua, cha bluu, mimi nililipa tu na kusifu. Kabla baba mkwe hajafariki tulikuwa tumepanga siku ile ya kutoa haya, mkwe alete nguo, mama apike kuku, washikane mikono na tangu hapo wale pamoja. Yeye akafariki, tukaahirisha, na mimi nikaona ni afadhali, kwa kuwa mkono wako nilikuwa nauogopa. Najua si mkwe anayeomba siku hiyo. Wazee ndio huomba, tena kwa kuzunguka. Lakini nimekwisha kutaja nyonga zako mbele ya mashemasi. Sina adabu iliyobaki ya kuilinda. Naomba mwenyewe. Nitasimama stesheni treni ikifika, hata ikichelewa siku kama kawaida yake, na sitajificha nyuma ya nguzo. Nitatoa mkono wangu mbele ya watu. Ukitaka kuukataa, ukatae pale, nitaubeba mfuko wako kwa mkono wa kushoto.

Usiogope kuhusu kuku wa sherehe. Clarisse hataki yule wa madoa achinjwe, tutanunua mwingine. Yule yupo, ananenepa, ameanza kulala mlangoni pako. Jana nilijaribu kumpa ujumbe huu wote. Nilichuchumaa karibu na beseni nikasema, "Kuku, ambia ba mama…" na ujumbe ukaishia hapo. Akanitazama kwa jicho moja, akaenda zake kuchakura.

Basi tumebaki mimi na wewe. Ba mama, aksanti. Kuya kwetu, Clarisse anakungojea, maji tutachemsha.

Ni mimi mkweo,
uliyemlaza mapajani.